Sura, Nembo na Mstari wa Mchoraji: Uhakiki wa Picha za Watu Zinazogeuzwa kwa Mtindo wa Kijapani

Zamani, mtu aliyepigwa picha katika studio ya mjini aliambiwa arudi baada ya siku kadhaa, kwa kuwa picha yake ilikuwa bado haijasafishwa. Kusafisha picha, katika lugha ya mafundi wa wakati ule, kulikuwa na maana ya kuichukua filamu, kuitia katika dawa ndani ya chumba cha giza, na kuitoa sura iliyokuwa imejificha mpaka ionekane. Neno hilo limebaki katika vinywa vya watu, lakini kazi yake imegeuka. Kijana anayeombwa leo asafishe picha huchukua simu, akafuta makunyanzi, akapunguza weusi wa ngozi, akaondoa alama zilizoko usoni. Fundi wa kwanza alitoa kilichokuwapo kikaonekana. Huyu wa pili aghalabu huondoa kilichokuwapo kisionekane tena.

Insha hii inakusudia kuihakiki aina moja ya usafishaji huo wa pili, yaani ule wa kuzigeuza picha za watu zifanane na michoro ya jadi ya Wajapani. Programu za simu na za kompyuta huuza au hutoa bure mitindo iliyokwisha kutayarishwa, na miongoni mwake umo mtindo huu: uso mweupe na laini, mstari mweusi mwembamba, maua ya mcheri, mawimbi ya bahari na jua jekundu nyuma ya kichwa. Mwezi wa Machi 2025 watu wa nchi nyingi walizigeuza picha zao kwa kompyuta zifanane na filamu za katuni za Studio Ghibli ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1985. Huo ni mtindo wa kisasa, lakini tabia iliyousukuma ni ile ile. Kijana aliyeko Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, mwenye simu na salio la kutosha, anavipata vyombo hivyo sawasawa na kijana wa Osaka. Haitoshi basi kuuliza kama mtindo huo unapendeza. Yafaa tuulize unafanya nini unapoufikia uso wa mtu wa kusini mwa Tanzania.

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuambiwa kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba viwili hivyo havitengani. Kanuni hiyo haihusu mashairi na riwaya peke yake. Picha ya mtu nayo ina maudhui, na maudhui yake ni mtu yule: umri wake, ukoo wake, kazi aliyoifanya, na mambo yaliyompata. Fani ni mwanga, mstari, rangi na mpangilio. Fani inapofika kutoka mbali lazima tuitazame inavyokutana na maudhui, kama inayabeba au inayafuta.

Tuchukue mfano wa picha ambayo mwalimu yeyote wa wilaya hizo mbili anaweza kuonyeshwa. Mwanafunzi amempiga picha bibi yake barazani. Bibi huyo, Mmwera au Mmakonde, amejifunga kanga, na usoni ana nembo: mistari iliyopangwa kwa pembe na kwa sambamba, paji la uso, mashavuni na kidevuni, iliyochanjwa ujanani kwa kisu na kutiwa masizi ili ishike rangi. Pengine mdomo wake wa juu unaonyesha mahali palipokuwa na ndonya. Mwanafunzi, kwa mapenzi mema kabisa, anaipitisha picha katika mtindo wa Kijapani ili itiwe katika fremu na kutundikwa ukutani. Picha inatoka nzuri. Maua yameanguka begani, nyuma pana mlima wenye theluji, na kanga imegeuka kuwa kimono. Uso ni laini kama yai. Nembo hazipo.

Nani aliyeziondoa? Mwanafunzi hakukusudia. Ziliondolewa na namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Programu ya kulainisha ngozi hutafuta uso ndani ya picha, kisha kila nukta huisawazisha na nukta za jirani zake, ili doa, kovu na kipele visionekane. Mashine haikufundishwa kupambanua kovu la ajali na mstari uliochanjwa na fundi kwa kusudi. Kwake vyote ni uchafu wa ngozi. Programu mpya zinazochora picha upya hufanya zaidi ya hapo. Hizo zimejifunza kutokana na picha nyingi mno, na zinapochora hukisia sura kufuatana na zile zilizoziona kwa wingi. Uso wa namna ambayo zimeuona mara chache huvutwa kuelekea nyuso zilizozoea. Bibi wa Ruangwa hakuchorwa kwa mtindo wa Kijapani. Amewekewa mwanamke mwingine mahali pake.

Jambo hili lina historia. Vyombo vya picha havikuanza leo kuupendelea uso wa aina moja. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara za picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi walisawazisha rangi kwa kuilinganisha na ngozi yake. Mtu mweusi aliyepigwa kwa filamu iliyosawazishwa hivyo alionekana meno na macho tu, na watu wakadhani kosa ni la ngozi yake.

Tena nyuso za kusini zilikwisha kupitia katika mikono ya wageni. Mwaka 1906, wakati Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijazimika kabisa, Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig huko Ujerumani, alisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi na nyanda za juu za Makonde akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya sinema. Aliwapiga picha Wayao, Wamakua na Wamakonde, pamoja na nembo na ndonya zao, akazichapa katika kitabu mwaka 1908. Kwa macho yake nembo zilikuwa kielelezo cha kupeleka makumbusho. Picha zake hazikufuta mstari hata mmoja, lakini aghalabu zilimwacha mwenye mstari bila jina. Hapo pana fundisho kwa mhakiki: kuhifadhi alama hakutoshi ikiwa mwenye alama hakuheshimiwa. Mgeni yule alibaki na nembo akampoteza mtu. Mjukuu wa leo anampenda mtu akazipoteza nembo. Picha ya haki inavitaka vyote viwili.

Sasa tuutazame mtindo wenyewe unaodaiwa kuigwa, kwa kuwa hatuwezi kuhukumu mwigo bila kukijua kinachoigwa. Michoro ambayo programu hizi huifuata inaitwa na Wajapani ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea. Ilistawi katika zama za Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, katika mji ambao leo unaitwa Tokyo. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora mistari kwa wino; mchongaji akaibandika karatasi juu ya ubao wa mti wa mcheri na kuchonga, akiacha mistari imeinuka; mchapaji akapaka wino na kugandamiza karatasi; na mchapishaji ndiye aliyetoa fedha na kuuza. Tangu mwaka 1765, picha za rangi nyingi zilipoenea kwa kazi ya Suzuki Harunobu, kila rangi ilipewa ubao wake. Picha moja basi ilihitaji mbao kadhaa, na kila mstari uliobaki ulikuwa umepita katika mikono ya watu watatu ambao wangeweza kuuharibu.

Kutokana na taabu hiyo ulizaliwa msingi wa sanaa hii, nao ni uteuzi wa mstari. Mchoraji hakuweza kuweka kila kitu, kwa hiyo aliuliza ni mstari gani unaomfanya mtu huyu awe yeye na si mwingine. Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806, aliwachora wanawake wa Edo kichwa na mabega tu, akiusogeza uso mbele ili hali ya nafsi isomeke. Toshusai Sharaku, ambaye picha zake zilitoka kwa muda wa miezi kama kumi hivi, mwaka 1794 hadi mapema 1795, aliwachora waigizaji wa jukwaani na pua zao zilizopinda, taya nzito na macho madogo. Hata waigizaji wanaume waliocheza nafasi za wanawake hakuwaficha uanaume wao wala uzee wao. Hakusafisha uso wa mtu. Na leo yeye ni miongoni mwa wachoraji wa nyuso wanaoheshimiwa sana Japani na nje yake.

Hata ule weupe wa nyuso unaoigwa kwa pupa una maelezo yake. Katika picha nyingi za namna hiyo uso ni karatasi iliyoachwa bila wino. Mchapaji aliiacha karatasi izungumze kwa rangi yake. Mtu wa Nachingwea anayetaka kufuata kanuni hiyo, badala ya kufuata ganda lake, angeifanya ngozi nyeusi au ya maji ya kunde kuwa ndiyo karatasi, akaiacha kama ilivyo, na kuiwekea mistari michache tu inayohusika. Na mistari inayohusika katika uso wa bibi yule ni ipi, kama si nembo? Fundi wa kuchanja alikwisha kuichora zamani. Alitumia kisu mahali pa patasi na masizi mahali pa wino. Kwa hiyo mtindo wa Kijapani ukifuatwa kwa ukweli wake ungezitia nguvu nembo, nao mwigo wa programu unazifuta. Hapo ndipo penye kosa la kisanaa. Fani iliyokopwa haikukopwa. Limekopwa vazi lake tu.

Tusidhani kwamba Wajapani wenyewe hawakuwahi kuingia katika mtego huo. Felice Beato, mpiga picha mzaliwa wa Ulaya, alifika Yokohama mwaka 1863, na katika studio yake picha za kamera zilipakwa rangi kwa mkono na wachoraji wa Kijapani. Kusakabe Kimbei alifungua studio yake mwenyewe mwaka 1881. Huo ndio mwanzo wa kuzirekebisha picha za watu kwa mkono wa Kijapani, miaka mingi kabla ya kompyuta. Kazi ya rangi ilikuwa ya ustadi mkubwa. Lakini wanunuzi wengi walikuwa wageni, nao walitaka Japani waliyoiota. Basi watu walivikwa mavazi ya kivita yaliyokwisha kuachwa, wakaketishwa mbele ya mapazia, wakauzwa kama ndiyo maisha ya kila siku. Mtindo wa Kijapani unaotufikia leo katika simu, wenye mwavuli, ua na mlima, umetokana kwa sehemu na picha hizo za kuuzia watalii. Kijana wetu anadhani anaigusa jadi ya Japani, kumbe pengine anaigusa ndoto ya mnunuzi wa zamani kuhusu Japani.

Je, tuseme basi kwamba mambo ya Kijapani yasiingie katika picha zetu? La hasha. Yalikwisha kuingia. Kwa miaka mingi katika karne ya 20 kanga nyingi zilizouzwa Afrika ya Mashariki zilichapwa Japani, kabla ya viwanda vya kwetu, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kushika kazi hiyo. Bibi aliyejifunga kanga mbele ya kamera, na kamera hiyo pengine ya Kijapani, alikuwa na Japani begani na mbele ya macho, wala hakupungua Umwera wake. Sababu ni kwamba kanga, hata ilipochapwa ng'ambo, ilifuata mpango wa wavaaji: pindo, mji na jina. Mchapaji wa kigeni alilazimika kuandika maneno aliyotaka mnunuzi wa Kiswahili. Maudhui yaliitawala fani, na kilichokopwa kikawa chetu.

Wajapani nao walikopa. Buluu ya lile Wimbi Kubwa la Hokusai, picha iliyochapwa karibu na mwaka 1831, ilitokana na rangi iliyovumbuliwa Ulaya. Baadaye Vincent van Gogh, mwaka 1887, alinakili kwa rangi za mafuta picha za Hiroshige ili ajifunze. Mwalimu Julius Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, alieleza wazi kwamba kukataa kujifunza kwa wengine ni upumbavu, lakini kujifunza hakuna maana ya kuvitupa vya kwetu. Kipimo hicho kinafaa hata kwa simu.

Na wasanii wa kusini walikwisha kutuonyesha namna ya kukitumia. Mchongaji wa Kimakonde anayechonga lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma, ana ubao laini mbele yake; angeweza kuuacha laini. Lakini katika vinyago vingi vya namna hiyo nembo zimewekwa kwa mistari ya nta iliyoinuka juu ya mti, na nywele halisi zikapachikwa kichwani. Kinyago hicho hakifanani na uso kama picha ya kamera inavyofanana. Kimekuza hiki na kupunguza kile. Hata hivyo mtazamaji humjua mtu wa aina gani ameletwa uwanjani. Lamu nako, Omar Said Bakor katika studio yake alizikata na kuzibandika picha, akaziweka sura za watu ndani ya maumbo mengine, miaka mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kuigeuza picha si dhambi, wala si jambo geni katika pwani yetu. Mtu anayesema kwamba picha isiguswe kamwe hajui historia ya picha.

Lipo pingamizi jingine lenye uzito zaidi, nalo lazima lijibiwe kwa adabu. Huenda bibi mwenyewe hazitaki nembo zake. Wapo wazee waliochekwa mijini kwa ajili ya nyuso zao, wakaitwa washamba. Wapo walioficha mdomo kwa pindo la kanga kila walipoona kamera. Mzee wa namna hiyo akisema, "Mjukuu wangu, niondolee haya, nami nionekane kama wenzangu," ni nani awezaye kumkataza? Uso ni wake. Mhakiki hana mamlaka juu ya uso wa mtu. Lakini ombi hilo ni jambo moja, na kufuta bila kuuliza ni jambo jingine. Katika la kwanza mzee ameamua. Katika la pili ameamua mtengenezaji wa programu, ambaye hakuwahi kuisikia Ruangwa. Tena kicheko kile cha mjini kilikuwa matunda ya kasumba, na mashine inayofuta bila kuuliza inakiendeleza kicheko hicho kwa kimya.

Haraka yetu inatokana na jambo moja rahisi. Desturi ya kuchanja nembo usoni imekoma kwa vijana. Walio nazo ni wazee, na kila mwaka hupungua. Hakuna atakayetaka kuirudisha desturi yenyewe, yenye maumivu yake, wala insha hii haiidai. Lakini kizazi hiki ndicho cha mwisho kinachoweza kumketisha mwenye nembo barazani, kumpiga picha, na kumwuliza: mstari huu unaitwaje, nani alikuchanja, ulikuwa na umri gani, uliogopa? Simu ile ile inayofuta ndiyo inayoweza kuhifadhi uso na sauti kwa pamoja, kazi ambayo Weule alihitaji wapagazi kuibebea vyombo. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa watu wenye kamera mifukoni watawaachia wajukuu zao bibi wasio na uso, na mjukuu atakayetaka kuuona uso wa Kimwera alazimike kuomba ruhusa Leipzig.

Kwa walimu, somo linaweza kufanywa kwa vifaa vichache. Mwanafunzi aombe ruhusa ya mzee, apige picha, na aihifadhi ya asili bila kuigusa, ikiwa na jina la mzee kama mwenyewe ameridhia, kijiji na tarehe. Kisha nakala yake, na nakala tu, aigeuze atakavyo. Atakapochagua mtindo wa Kijapani, azime kwanza kilainisha ngozi, halafu achore kwa mkono wake mistari kumi isiyozidi, akieleza mbele ya darasa kwa nini amechagua hiyo na kuiacha mingine. Mahali pa mlima wenye theluji aweke mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Mahali pa kimono aiache kanga na jina lake lisomeke. Picha za Edo nazo zilikuwa na maandishi ndani yake: kichwa cha picha, jina la mchoraji, alama ya mchapishaji. Maneno ya kanga yatakaa hapo bila ugeni wowote. Mwishowe mwanafunzi aandike jina lake pembeni, kwa sababu aliyeugeuza uso wa mtu anapaswa kujulikana.

Baada ya hayo picha irudishwe barazani na kuonyeshwa mwenyewe. Hakuna mhakiki wa shule wala wa kitabu anayemshinda huyo. Akiitazama kwa muda, akapitisha kidole juu ya mistari ya shavuni na kusema, "Ndiye mimi," kazi imefaulu, hata kama wino wake umetoka Edo. Akiuliza, "Huyu ni nani?" basi picha, pamoja na maua yake yote, imeshindwa, na mwanafunzi aanze tena.